Kupima Ngano

Mimi ni fundi cherehani, na mtu wa kazi hii huambiwa na nguo mambo ambayo mchungaji haambiwi na waumini. Najua nani hapa Kashojwa, kwenye kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, amenenepa na anasingizia sabuni kuwa ndiyo iliyobana gauni lake. Najua mume yupi analala njaa kwa sababu ya ugomvi. Umbea siupendi, ila nguo zenyewe zinasema, na mimi si kiziwi.

Sare za shule nazishona na pindo pana kwa ndani. Mama mwenye akili hulidai pindo hilo, maana mtoto hukua na kitambaa hakikui. Mwaka ukigeuka unafumua uzi, unashusha pindo, mtoto anarudi darasani. Mukarukundo alikuwa anakuja kibarazani kwangu kila shule zinapofunguliwa, sare kwapani, binti yake Munezero nyuma. Anamvalisha, anamsimamisha mbele ya cherehani, kisha anapiga magoti kwenye vumbi kutazama sketi imefika wapi.

“Papa Kalume, angalia muzuri. Haiyafika wakati ya kushusha?”

“Bado, Mama Munezero.”

“Angalia tena.”

Nilitazama tena, nikijifanya napima kwa tepu. Sketi ilifika pale pale ilipofika mwaka uliopita. Munezero alikuwa na miaka kumi na miwili, na mgeni aliyepita njiani angemdhania wa saba. Shuleni alisimama mbele kabisa ya mstari pamoja na watoto wa darasa la kwanza, ingawa yeye alikuwa wa darasa la tano, na wenzake walimwita Bebi. Mama yake aliikunja sare, akashukuru, akaondoka. Nilizichukia siku hizo, na wateja waliofuata walikuta nimekuwa mkali bila wao kujua kosa lao.

Mukarukundo mwenyewe ni mfupi. Lazima niseme hivyo waziwazi kwa sababu mambo yote yanaanzia hapo. Alizaliwa kwenye milima ya Itombwe huko Kongo, juu kabisa, kule ambako sisi wa Uvira tulikuwa tunatazama mawingu tu na kusema ndiko wanakotoka wale warefu na ng’ombe wao. Watu wake ni warefu bila kujisifu. Dada zake walikuwa wanawake wa kuchukua kitu juu ya paa bila kupanda kiti. Yeye alizaliwa baada yao, akakua kidogo, akasimama. Nyumbani wakamwita Kagufi, yaani kafupi, jina la kumtania mtoto, lakini likamganda mpaka akaolewa nalo.

Baba yake, mzee Muhirwa, alikuwa mfugaji kama wenzake, ila alikuwa na shamba la ngano kwenye mteremko wa baridi, na majirani waliona huo ni wazimu mdogo. Mkate wa nyumba ile ulikuwa na sifa. Kagufi aliupenda, na kila akiula tumbo lilimvimba. Nalo likawa utani wa nyumba, “tumbo la Kagufi”. Kanisani aliimba kwaya. Kwenye kwaya, kama mjuavyo, wafupi huwekwa mbele. Dada zake walisimama safu ya nyuma, mabega yamelingana, wakiyumba pamoja kama mahindi shambani, na yeye alisimama mbele na watoto. Aliniambia hakuwahi kuiona kwaya yao ikiimba, maana siku zote ilikuwa mgongoni kwake.

“Nilitamani ile mustari ya nyuma, Papa Kalume. Ata leo, nikilala, naotaka niko kule.”

Alipoolewa, watu walishangaa. Eliezeri alikuwa mrefu kama wengine na angeweza kuchagua. Akawajibu kwamba wanawake wengine angelazimika kuwasemesha amesimama, lakini huyu angeweza kuongea naye amekaa, na mchunga ng’ombe huchoka miguu. Mukarukundo bado anacheka akisimulia hilo. Vita vilipowashusha kutoka milimani, Eliezeri alibaki njiani. Yeye haongezi neno hapo, na mimi siongezi.

Walipofika Kabazana, kule wanakopokelewa wageni kabla ya kupewa kiwanja, Munezero alikuwa mgongoni. Wakamfunga utepe mkononi, wakamlaza kwenye ubao, wakampima. Tangu siku ile hawakuacha. Kila gari lenye nembo lililosimama huku kwetu lilishusha mtu mwenye ubao wa kupimia watoto. Kila mara jibu lilikuwa moja, kwamba mtoto ni mfupi kwa umri wake, kana kwamba mama yake alikuwa na haja ya kuambiwa. Walimpa unga wa uji, wakamhubiria amlishe vizuri. Na yeye alikuwa anamlisha! Mukarukundo alikuwa anakaanga mandazi mbele ya soko. Hakuna mtoto Kashojwa aliyekula mandazi ya moto kumshinda Munezero. Kadiri walivyomwambia mlishe, ndivyo alivyomwongezea.

Majirani nao walikuwa na hukumu yao. Mwana hutazama kisogo cha nina, walisema. Mama mfupi, mtoto mfupi, sasa mnashangaa nini? Walisema kwa wema, na wema wa namna hiyo unauma kuliko tusi. Maana Mukarukundo alikuwa na haja moja tu duniani. Hakuomba kwenda Kanada wala Amerika kama sisi wengine tunavyoomba kila Jumapili. Aliomba binti yake ampite.

“Anipite tu,” aliniambia. “Ata kwa kidole moja. Nimuangalie nikiinua macho.”

Siku moja ikaja timu nyingine kwenye kituo cha afya, inatafuta watoto waliodumaa bila sababu kujulikana. Muuguzi wao, Tumuhimbise, ni dada wa Kinyankore, mchangamfu, na Kiswahili chake ni kile cha Uganda, cha sokoni na cha askari, kinachokwenda mbele bila kugeuka nyuma. Alimwangalia Munezero macho, akamwangalia kucha, akamwambia mama yake:

“Nyabo, kwa huyu mtoto sisi nataka kupima ngano. Kesho leta yeye.”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa neno moja tu. Katika Kinyamulenge, lugha ya Mukarukundo, ingano ni ile nafaka. Lakini ingano pia ni kiasi cha kitu, ukubwa wake. Nafaka hiyo hakuiona shambani tangu ashuke mlimani. Unga mweupe wa kiwandani aliokandia mandazi aliuita farini, kama sisi Wakongo wote tunavyouita, na hakuwahi kuufikiria pamoja na shamba la baba yake. Kwa hiyo aliposikia kupima ngano, alisikia kupima kimo. Tena!

“Ingano yake mulishaipima!” alifoka. “Mulipima Kabazana, mulipima ku masomo, munapima kila mwaka. Munafikiri mukipima mingi njo ataongezeka? Huyu mutoto haiko kitambaa!”

Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Tumuhimbise alibaki ameduwaa, akadhani mama anaogopa sindano. Mukarukundo alikuja moja kwa moja kibarazani kwangu, akaniambia wanataka kumpima mtoto kimo tena, nami nikamuunga mkono kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, kwa sababu nilikuwa na hasira zangu na watu wenye mbao za kupimia. Tulikubaliana kabisa, mimi na yeye, juu ya jambo ambalo hakuna aliyelielewa kati yetu.

Shule zikafungwa, zikafunguliwa. Pindo la Munezero halikushuka.

Kisha mchana mmoja Tumuhimbise mwenyewe alinijia na sketi yake ya kazi, zipu imekatika. Alikaa kwenye benchi kusubiri, akila chapati. Ng’ambo ya njia Mukarukundo alikuwa kwenye karai lake la mafuta, na Munezero kando yake. Tumuhimbise aliwatazama kwa muda.

“Fundi, mama ya huyu mtoto, kwa nini alikataa kupima ngano?”

“Juu mutoto amechoka kupimwa urefu, dada.”

“Nani nasema urefu? Mimi nasema ngano.” Akaniinulia chapati yake mpaka puani. “Ngano! Hii! Tunatoa damu kidogo, tunaangalia kama ngano nakataana na tumbo yake.”

Nilisimamisha cherehani. Nikaitazama ile chapati, kisha nikacheka, Mungu anisamehe, kicheko kirefu cha mtu aliyeonyeshwa ujinga wake. Kikakatika chenyewe, maana niliinua macho nikaona ng’ambo ya njia Munezero amepewa andazi la moto na analipuliza lipoe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha mtoto huyu kilikuwa kwenye karai la mama yake.

Nilimwita Mukarukundo. Safari hii nilisimama katikati yao, nikahakikisha kila neno limefika nyumbani kwake.

“Farini?” aliuliza. “Ile yangu?”

“Ile yako.”

Alikaa chini. Tumuhimbise alieleza taratibu, nami nikafasiri. Kuna watoto ambao ngano huwachubua utumbo kwa ndani, kidogo kidogo, na wengine hata hawahari wala hawalii tumbo. Chakula kinapita bila kuingia mwilini, na kwa nje kinachoonekana ni kwamba mtoto hakui. Si njaa, si uchawi, wala si lazima iwe amefuata kimo cha mama. Lakini huwezi kujua mpaka upime damu. Kabla hajamaliza, Mukarukundo alikuwa ameshainuka kwenda kumwaga unga wake wote, na Tumuhimbise akamdaka kitenge.

“Hapana, nyabo! Asiache sasa. Kama anaacha ngano mbele ya kupima, damu itadanganya sisi. Akule tu kila siku mpaka Mbarara.”

“Sasa nimejua, na munasema nimupatie tena?”

“Ndiyo, nyabo. Vumilia.”

Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko ile. Safari ya Mbarara, mjini kwenye hospitali kubwa, ilichukua wiki kadhaa kupatikana, na wiki hizo zote Mukarukundo alimpa mtoto wake andazi kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, akijua. Alimpa huku uso ameugeuzia mafuta. Munezero naye alijua, akawa anakula harakaharaka ili mama yake asiteseke kwa muda mrefu. Nilimhurumia yule mama mpaka nikashindwa kumtania, na kutania ndiyo kazi yangu ya pili.

Niliwasindikiza Mbarara, maana nilikuwa na vitambaa vya kununua, na baada ya yaliyotokea Mukarukundo hakukubali kwenda kwa daktari bila mkalimani. Tulipopita Isingiro migomba iliachana kidogo, tukaona ng’ombe wa pembe ndefu kwenye malisho. Mukarukundo aligeuza shingo mpaka wakapotea. Alisema tu kwamba wa kwao walikuwa na rangi kama ile, kisha akamfunga binti yake vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Damu ya Munezero ikasema ndiyo. Tukaitwa tena, wakamlaza usingizi, wakapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, wakauona utumbo wenyewe, nao ukasema ndiyo. Daktari wa watoto, mama mpole mwenye miwani, alitueleza kwamba dawa ni chakula. Ngano basi, maisha yote. Hata chapati ya harusi, hata kipande cha biskuti. Matoke, muhogo, posho yaani ugali wa mahindi, wali, maharage, mtama, vyote ruksa. Akasema mifupa ya msichana haijafunga, bado inaweza kurefuka, kwa hiyo muda upo, ingawa si mwingi. Mwisho akasema maradhi haya hutembea kwenye damu ya ukoo, akaomba mama naye apimwe.

“Mimi nilishaisha kukomaa, dokta,” Mukarukundo alisema akicheka. “Munatafuta nini kwangu?”

Lakini alinyoosha mkono. Siku ile angempa daktari yule hata figo.

Tuliporudi Kashojwa alisugua karai kwa majivu mpaka likang’aa, akatoa unga wote nyumbani, akaanza kukaanga muhogo na viazi vitamu. Wateja walinung’unika. Mimi mwenyewe nilinung’unika, maana mandazi yale yalikuwa matamu, na nikajibiwa kwamba nikitaka mandazi nikaoe muuza mandazi. Mke wangu alimpigia makofi. Munezero alijifunza kukataa chapati ya jirani kwa heshima, mikono nyuma, kama mtu mzima anayekataa pombe.

Ndipo shule zikafunguliwa tena. Nilimwona Mukarukundo anakuja, sare kwapani, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayejizuia asikimbie.

“Leo piga magoti weye, Papa Kalume.”

Nilipiga magoti. Naapa niliyaona magoti ya mtoto yule, yote mawili, wazi, makavu na mazuri, na sketi imening’inia juu yake kama imeonewa. Mtoto alipoivua nami nikachukua mkasi, Mukarukundo alininyang’anya sare. Alifumua uzi wa pindo mwenyewe, kwa meno, analia na kucheka pamoja, na watu wa sokoni walivuka njia kuja kuona kuna nini. Kwa miaka yangu yote ya kushona sijawahi kuona pindo likishangiliwa.

Kwa hiyo tulikwenda Mbarara mara ya tatu tukiwa kama watu wa harusi. Munezero alisimama kwenye ukuta wa kupimia kabla hajaambiwa, visigino vimegusa, kidevu juu. Daktari alisoma, akatabasamu, akasema anaongezeka vizuri sana, na akienda hivi atampita mama yake. Mukarukundo alijifunika uso kwa kitenge. Ombi lake lilikuwa limejibiwa mbele yangu, mchana kweupe, na nilijisikia kama nimealikwa mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Kisha daktari akavua miwani.

“Na wewe, mama. Ile damu yako nasema kitu moja na ya mtoto.”

Akamuuliza kama utotoni tumbo lilikuwa linamsumbua. Mukarukundo alianza kueleza akiwa bado na tabasamu. Alitaja mkate wa mama yake. Alitaja tumbo la Kagufi, jinsi walivyokuwa wanamcheka. Alipofika kwenye shamba la mzee Muhirwa sauti yake ilipungua, na nikaona limemfikia.

“Dokta,” alisema. “Basi hii siyo ingano yangu?”

Daktari alinitazama, kwa kuwa hakuelewa. Nikamwambia anauliza kama kimo hiki alichonacho si chake.

“Labda si chake,” daktari alijibu polepole. “Pengine angekuwa mrefu, pengine hapana. Hatuwezi kujua, na mifupa yake ilifunga zamani. Lakini akiacha ngano atapata nguvu, na tumbo litapona.”

Nililitafsiri lote. Sikulipunguza, ingawa nilitaka sana.

Tulitoka nje. Mukarukundo hakulia. Alisimama kando ya lango watu wakimpita huku na huku. Maisha yake yote aliamini Mungu alimkatia kipande kifupi, akakipokea, akashukuru. Kumbe kipande chake huenda kilikuwa kirefu, na hakukivaa hata siku moja.

“Mama,” Munezero alisema, akitazama barabarani. “Weye ungekuwa kama ule.”

“Nani?”

“Ule mama wa robo ya kijani.”

Ng’ambo ya barabara mwanamke mmoja mrefu alikuwa anatembea peke yake, gauni la kijani, mkoba begani, hana haraka. Umri wake ulilingana na wa Mukarukundo. Watu walijaa pande zote, lakini yeye alionekana juu yao, kichwa na shingo na mabega. Mukarukundo alisogea mpaka ukingoni mwa lami amwone vizuri. Alitazama anavyoweka mguu. Alitazama anavyogeuza shingo kumsalimia mtu. Mwanamke yule akaingia kwenye duka la vitambaa, hatukumwona tena.

Nilisema twendeni, gari la Nakivale halitatungoja.

“Tungoje kidogo, Papa Kalume,” alisema, macho yake hayajaondoka kwenye mlango wa duka. “Pengine atatoka.”